Asubuhi za Wastaafu: Elimu ya Dini na Ujamaa wa Wazee wa Kiyahudi



Nimeombwa nizungumzie elimu isiyo na cheti. Nimechagua masomo ya dini ya wastaafu wa Kiyahudi, yanayofanyika New York, London, Jerusalem na kwingineko, saa ambazo watoto wao wako kazini. Nina hoja moja. Mstaafu hufa moyo pale anapoona hahitajiwi tena na mtu, na desturi hii imejengwa kwa namna ambayo mzee lazima ahitajiwe.

Inaanza na sala ya asubuhi. Kwa sheria ya dini yao, baadhi ya sala za jamaa, ikiwemo kadishi anayoisoma mfiwa, hazisomwi mpaka watimie watu wazima 10. Waorthodoksi huhesabu wanaume peke yao. Madhehebu mengine huhesabu na wanawake. Siku za kazi vijana wanawahi treni, na mara nyingi anayetimiza idadi ni mstaafu. Mzee wa miaka 80 asipotokea, huenda mfiwa akakosa kumsomea baba yake kadishi. Ndiyo maana asipoonekana, watu hushtuka na kumtafuta.

Baada ya sala huja chai, kisha vitabu, na hapa ndipo ningependa tukae kidogo. Ukurasa wa Talmudi, mkusanyo wa kale wa sheria na mijadala ya dini yao, una maandishi ya msingi katikati, kwa Kiebrania na Kiaramu. Upande wa ndani kuna ufafanuzi wa Rashi, mwanazuoni wa Troyes, Ufaransa, aliyefariki mwaka 1105. Upande wa nje kuna hoja za waliomfuata, ambao mara kwa mara wanampinga. Ukurasa wenyewe ni mabishano ya karne nyingi, na haufai kusomwa kimyakimya. Wanakaa wawili wawili, wanasoma kwa sauti. Mwenza huyo wa masomo wanamwita havruta.

Chukueni kesi moja maarufu. Watu wawili wameshika vazi moja, kila mmoja anadai lote ni lake. Wataapa, kisha watagawana nusu kwa nusu. Je, mmoja akidai lote na mwingine akidai nusu tu? Wa kwanza anapata robo tatu, wa pili robo, kwa kuwa nusu moja haikuwa na mgogoro. Sasa wawekeni mezani mhasibu mstaafu na dereva mstaafu. Mmoja anauliza kwa nini tumwapishe mtu tunayeshuku anasema uongo. Mwingine anafunua ufafanuzi, anakataa, anatoa sababu. Mhasibu anaileta kazi yake ya miaka 40, dereva anayaleta aliyoyaona barabarani. Hakuna anayewatumbuiza, na kila mmoja ana deni la jibu kwa mwenzake. Mtu wa Unguja aliyezoea darsa la msikitini ataitambua hali hii, ila hapa mwanafunzi anatakiwa abishe.

Talmudi yenyewe inasimulia habari za mwanazuoni Honi aliyelala miaka 70. Alipoamka akaenda nyumba ya masomo, akasikia elimu yake bado inasifiwa, akajitambulisha. Hawakumwamini wala hawakumpa heshima yake, naye akaomba afe, akafa. Waliosimulia kisa hicho waliona kwamba kukosa mwenza ni sawa na kifo. Sijui maelezo makali zaidi ya upweke wa uzeeni kuliko hayo.

Watu wazima kurudi darasani kazi inapopungua ni jambo la kale kwa Wayahudi. Huko Babeli, Iraki ya leo, wakulima na wafanyabiashara walikusanyika katika vyuo vya Sura na Pumbedita miezi miwili kila mwaka. Mwaka 1923, mjini Vienna, Rabi Meir Shapiro wa Poland alipendekeza Wayahudi wote wasome karatasi ileile ya Talmudi kila siku. Karatasi ni 2,711, na mzunguko huchukua takriban miaka saba na nusu. Anayeanza akiwa na miaka 65 atamaliza akiwa na 72, na kesho yake anaanza upya. Wanawake, waliofungiwa mlango huu kwa karne nyingi, Januari 2020 walijaza ukumbi mkubwa wa Jerusalem kusherehekea mzunguko waliokamilisha. Nalihesabu tukio hilo kuwa haki iliyochelewa mno.

Na anayesahau? Wanazuoni walifundisha kwamba vipande vya mbao za mawe alizovunja Musa viliwekwa ndani ya Sanduku la Agano pamoja na mbao nzima. Wakatoa hukumu: mzee aliyepotewa na elimu yake pasipo kosa lake astahiwe vilevile. Kiti chake kinabaki.

Makamu Mkuu wa Chuo, asubuhi nyingi baadhi ya vyumba vyetu vya semina ni vitupu. Nje ya lango wanaishi walimu, wauguzi na makarani wastaafu. Naomba tuwafungulie vyumba hivyo, bila ada wala mtihani, wasome wawili wawili vitabu watakavyochagua wenyewe, vya dini, sheria au ushairi, na wanafunzi wetu waketi nao wakijibiwa na kupingwa. Tuanze muhula ujao.