Asante ya Punda

Ndugu wanachama, kila tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820, dunia huwaadhimisha wauguzi. Nasi hupiga makofi. Kesho yake twamfokea muuguzi kwa kutuchelewesha, naye yu peke yake na wodi nzima. Wahenga walisema, asante ya punda ni mateke. Je, sisi tu punda?

Basi tawi letu na lifanye mambo matatu. Vijana wamsindikize nyumbani atokapo zamu usiku. Katika sanduku la maoni, tulilozoea kulijaza lawama, tutie barua ya shukrani yenye jina lake, mkubwa wake aisome. Na posho yake ikichelewa, tuidai pamoja naye. Anayetukeshea tusimwache peke yake.