Seredani Itoke Chumbani
Mazungumzo kwa wakazi wa Mambrui kuhusu moto wa ndani msimu wa kusi



Kuanzia Juni hadi Agosti kusi huvuma kutoka baharini, na usiku baridi yake huingia hadi vitandani. Hapo ndipo seredani hutolewa uani ikaingizwa chumbani, hasa kwa mzazi aliye katika arubaini yake. Hukandwa maji ya moto, hufukizwa, kisha makaa huachwa kando ya kitanda hadi alfajiri ili yeye na mtoto wasipate baridi. Nia ni njema. Hatari imo ndani ya makaa yenyewe, hata yakiwa yameiva vizuri na hayatoi moshi.

Makaa yakiwaka hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haionekani, hainuki, haiwashi macho. Ikivutwa hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mwili hukosa hewa ingawa mtu anapumua. Kichwa huanza kugonga, kizunguzungu na kichefuchefu hufuata, miguu hulegea. Aliyelala huenda asizinduke kabisa. Mtoto mchanga hupumua haraka kuliko mtu mzima, kwa hiyo sumu humfika upesi, wala hawezi kusema kinachomuuma. Aliye tumboni hudhurika pamoja na mamake.

Kufunika makaa kwa jivu hakuzuii gesi hiyo. Sufuria ya maji juu ya jiko haiinyonyi. Ubani huleta harufu nzuri, basi.

Wazee watauliza, na wana haki: mbona zamani mzazi alilazwa na seredani na akatoka salama? Wapo ambao hawakutoka salama, na sababu haikujulikana. Lakini nyumba nazo zimebadilika. Nyumba ya udongo na makuti huwa na mwanya kati ya ukuta na paa, na makuti yenyewe hupitisha hewa. Nyumba nyingi za sasa ni za mawe na mabati, zina dari na madirisha ya vioo, na usiku wa baridi chini ya mlango huzibwa kwa leso kuukuu. Hewa haina pa kutokea. Nyumba ya makuti nayo ina balaa lake: cheche moja ikishika chandarua hupanda paani, na upepo wa kusi huupeleka moto kwa jirani kabla ndoo ya kwanza haijajaa.

Mzazi anaweza kupata joto bila makaa ya kulala nayo. Maji ya kumkanda yachemshwe uani, yaingizwe ndani yakiwa tayari. Mtoto avishwe kofia na soksi, alazwe kifuani mwa mamake ngozi kwa ngozi mama akiwa macho, wafunikwe leso mbili. Kitanda kipashwe kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringwa kitambaa, nayo iondolewe kabla mtoto hajalazwa.

Wenye hita ya umeme waichomeke kwenye soketi ya ukutani, si kwenye waya wa kurefushia, waiweke mita moja kutoka kwa chandarua na nguo, na waizime kabla ya kulala.

Mtu akikutwa amelegea katika chumba chenye jiko, fungueni mlango, mtoeni nje kwenye upepo mara moja, ndipo jiko litolewe. Pigeni 999 au 112, au mfikisheni hospitali ya Malindi bila kungoja kuche, hata kama ameanza kuzungumza. Waliolala naye wapelekwe pia. Na mwambieni daktari wazi kwamba chumbani mlikuwa na makaa, kwa sababu kuumwa kichwa na kutapika, huku Pwani, hudhaniwa haraka kuwa ni malaria.