Sikio Linalotoa Usaha: Ni la Ukoo?

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, mkoani Singida)

 

Nilipokuwa kidato cha pili nilikaa dawati moja na mwenzangu ambaye sikio lake lilitoa usaha mwaka mzima. Wengine walimkimbia kwa sababu ya harufu. Nyumbani kwao walisema, "Hilo ni la ukoo, hata shangazi yake analo." Basi hakupelekwa hospitali. Leo ukimwita kutoka upande wa kushoto hageuki.

Je, wazee walikosea? Si kabisa. Urithi umo. Mwaka 1999 madaktari wa Pittsburgh, Marekani, walichapisha uchunguzi wa mapacha: wale wa kufanana walilingana kwa ugonjwa wa sikio la kati kuliko wasiofanana. Mwaka 2015 watafiti walieleza juu ya jamii moja ya Ufilipino, watu walio ndugu kwa ndugu, ambao wengi wenye masikio mabovu walikuwa na hitilafu katika jeni iitwayo A2ML1. Lakini usaha wenyewe haurithiwi, jamani! Huo huletwa na vijidudu, ngoma ya sikio ikishatoboka. Ulichorithi ni wepesi wa kushambuliwa.

Sasa sikilizeni hili. Mwaka 1996 Minja na Machemba walichapisha matokeo ya kupima wanafunzi wa Dar es Salaam. Shule za vijijini, watoto kama 9 katika 100 walikuwa na ugonjwa huu sugu. Za mjini, kama 1 tu. Jeni hubadilika ukipanda daladala? Thubutu! Kinachobadilika ni maisha: moshi wa kuni, kubanana chumbani, umbali wa zahanati.

Kwa hiyo kama kwenu masikio yanasumbua, wewe ndiye wa kuwahi zaidi. Usaha ukipita wiki mbili, nenda kituo cha afya. Utaonyeshwa kukausha sikio kwa utambi wa kitambaa safi, na utapewa dawa ya matone. Dawa usiache: kule Kiambu, Kenya, utafiti wa 1996 ulionyesha kwamba watoto waliokaushwa tu hawakupona kuliko walioachwa hivi hivi. Mafuta ya alizeti, ambayo Singida hatukosi, ni ya kukaangia. Usimimine sikioni. Ukiona uvimbe nyuma ya sikio, homa kali au mdomo kupinda, hospitali siku hiyo hiyo.

Haya, maswali. Aliye nyuma ambaye hakunisikia vizuri, asogee hapa mbele.