Sala na Kidonge Kabanga
Kabanga, wilayani Kasulu, kanisa na hospitali ni ndugu wa damu: hospitali hiyo ni ya Jimbo Katoliki la Kigoma. Basi kwa nini mgonjwa anayesikia sauti wasizozisikia wengine aambiwe achague moja? Sala humpa mama anayemuuguza nguvu ya kuamka kesho, na humrudisha mgonjwa kwenye benchi la kanisani, akabanana na wenzake. Hiyo nayo ni tiba. Ila anayemfunga kijana kamba ili pepo amtoke, au kumwambia kumeza kidonge cha haloperidoli ni kukosa imani, anamuumiza. Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe iko Dodoma, mbali mno. Mchungaji, shehe, mganga: ninyi ndio mnaofikiwa kwanza. Mshikeni mgonjwa mkono, mpelekeni zahanati, kisha mwombeeni.