Ng'ombe Hawakuisikia Amri: Ushirika wa Asia Wakati wa Korona

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa makatibu na wajumbe wa kamati za vyama vya msingi)



Tarehe 24 Machi, 2020, saa mbili ya usiku, Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, alilihutubia taifa na kutangaza ya kuwa kuanzia saa sita ya usiku huo huo nchi nzima ingefungwa kwa muda wa siku 21. Watu zaidi ya bilioni 1.3 walipewa saa nne za kujitayarisha. Magari ya moshi ya abiria yalikuwa yamekwisha simamishwa; sasa viwanda, hoteli, shule na maduka mengi vilifuata, na polisi wakasimama katika njia kuu.

Amri hiyo waliisikia watu, ng'ombe hawakuisikia. Alfajiri yake, katika vijiji vya jimbo la Gujarat, viwele vilikuwa vimejaa kama siku zote, na mfugaji aliyekwisha kukama lita zake tano au sita alikuwa na saa chache tu kabla maziwa hayajaharibika. Katibu yeyote wa chama cha maziwa anaelewa uzito wa saa hizo.

Gujarat ndiko kwenye mji wa Anand, ambako mwaka 1946 wafugaji wa wilaya ya Kaira waliunda ushirika wao baada ya kuchoka kumuuzia mnunuzi mmoja aliyejipangia bei. Muundo wa ushirika huo hauwezi kumshangaza mwanaushirika wa huku kwetu: chama cha msingi kijijini, chama kikuu wilayani, na juu yake shirikisho la jimbo linalouza kwa jina la Amul. Vyama vya msingi ni zaidi ya 18,000, na wafugaji wanachama ni kiasi cha milioni 3.6. Wengi wana ng'ombe au nyati wawili watatu. Maziwa hupokewa asubuhi na jioni, hupimwa wingi wake na mafuta yake, na kila kipimo huandikwa katika hesabu ya mwanachama.

Serikali iliyahesabu maziwa miongoni mwa bidhaa zilizoruhusiwa kupita. Lakini karatasi ya ruhusa haibebi ndoo, wala haimwondolei dereva hofu ya ugonjwa. Kazi ya kweli ilifanywa mlangoni pa kila chama. Duara zilichorwa chini kwa chokaa, kila mwanachama akasimama katika duara lake, uso umefunikwa kwa kitambaa, akinawa mikono kabla ya kuukaribia mzani. Picha za duara hizo zilienea, na watu wengi wakadhani hiyo ndiyo siri ya mambo.

Siri haikuwa hiyo peke yake. Hoteli, vibanda vya chai na watengenezaji wa vyakula vitamu, ambao hununua maziwa kwa wingi mno nchini India, walikuwa wamefunga. Wanunuzi binafsi wakapunguza ununuzi, na pengine wakauacha kabisa. Wafugaji waliokuwa wakiwauzia hao wakarudi mlangoni pa chama. Hivyo, katika majuma ambayo soko lilikuwa limepungua, vyama vya ushirika vilipokea maziwa mengi kuliko kawaida. Yaliyozidi yakapelekwa kwenye viwanda vya ushirika vyenyewe, yakakaushwa kuwa unga na kufanywa siagi, yangoje siku ambayo soko litafunguka. Viwanda hivyo havikujengwa mwaka 2020. Vilijengwa kwa fedha ambazo wanachama wa miaka ya nyuma walikubali, pengine kwa kunung'unika, zisigawanywe zote katika mikutano mikuu yao.

Katika wakati huo huo, kwenye jimbo jirani la Maharashtra, walionekana wakulima wakiwalisha ng'ombe stroberi. Matunda yalikuwa mazuri. Wateja wake walikuwa watalii, hoteli na viwanda vya aiskrimu, na hao wote walikuwa wamefungiwa. Hapakuwa na ghala la baridi la kutosha wala chombo kilichoweza kuyapokea matunda yale kwa wingi na kuyatafutia njia nyingine. Haitakuwa haki kusema kwamba wakulima hao walikuwa wavivu au wajinga. Mavuno yao yalitegemea mlango mmoja, nao ulifungwa.

Yafaa pia kuwakumbuka vibarua wa mijini. Kwa kuwa kazi zilisimama na usafiri haukuwapo, maelfu kwa maelfu waliondoka Delhi na miji mingine kwa miguu, wamebeba watoto na mizigo, wakirudi vijijini mwendo wa mamia ya kilomita. Baadhi yao walikufa njiani. Amri iliyotolewa kwa saa nne ilikuwa imewasahau watu wasio na chama, wasio na daftari lolote lenye majina yao mahali walipokuwa wakifanya kazi.

Katika Korea Kusini tatizo la kwanza lilikuwa barakoa. Mwezi wa Februari, 2020, misururu mirefu ilijipanga mbele ya maduka, na wenye nguvu wakawatangulia wazee. Serikali ikaamua kuzichukua barakoa nyingi zinazotengenezwa nchini na kuziuza kupitia maduka ya dawa, posta, na maduka ya shirikisho la ushirika wa wakulima liitwalo Nonghyup. Kuanzia tarehe 9 Machi kila mtu aliruhusiwa kununua barakoa mbili kwa juma, kwa bei moja ya won 1,500 kila moja, na siku yake ya kununua ilitokana na tarakimu ya mwisho ya mwaka wake wa kuzaliwa: wenye 1 na 6 siku ya Jumatatu, wenye 2 na 7 Jumanne, na kuendelea hivyo hadi Ijumaa. Duka la ushirika lilichaguliwa kwa kazi hiyo kwa sababu lilikuwapo mashambani, ambako maduka ya dawa ni machache. Jambo hili lawezekana pale tu ambapo ushirika haukuliacha duka lake la kijijini lifungwe kwa kuwa faida yake ni ndogo.

Chanjo zilipopatikana, nchi nyingi zilitumaini kwamba sasa shughuli zingefunguliwa. India ilianza kuchanja tarehe 16 Januari, 2021. Nchi hiyo ina kiwanda kikubwa sana cha chanjo katika mji wa Pune, ambacho kilitengeneza chanjo ya AstraZeneca kwa ajili yake yenyewe na kwa ajili ya nchi nyingi maskini zilizokuwa katika mpango wa COVAX. Kenya, kwa mfano, ilipokea dozi zaidi ya milioni moja kutoka huko tarehe 3 Machi, 2021. Lakini mwisho wa mwezi huo huo maambukizi yalipanda kwa kasi nchini India, na chanjo zikazuiwa kwenda nje. Mwezi wa Mei wagonjwa wapya walipita 400,000 kwa siku moja. Hospitali zilikosa oksijeni na mahali pa kuchomea maiti pakakosa nafasi. Ni vigumu kuilaumu serikali inayowatazama watu wake wakifa kwa kutaka kuwachanja hao kwanza. Hata hivyo, mzigo wa uamuzi huo ulibebwa na watu wa mbali, na Wakenya wengi waliochomwa dozi ya kwanza wakaingojea ya pili kupita muda uliokuwa umepangwa. Upelekaji kwa COVAX haukurudi mpaka Novemba.

Ndani ya India yenyewe palikuwa na kizuizi kingine. Kuanzia Mei, 2021, watu wa umri wa miaka 18 hadi 44 walitakiwa kwanza kujiandikisha kwa njia ya intaneti. Mwenye simu ya kisasa mjini alipata nafasi. Mwanakijiji asiyekuwa nayo alisikia tu kwamba nafasi zimekwisha. Ikasemekana hata kwamba wakazi wa mijini walikuwa wakisafiri kwenda kuchanjwa vijijini. Baada ya malalamiko mengi, pamoja na maswali ya Mahakama Kuu ya nchi hiyo, watu waliruhusiwa kufika kituoni na kuandikishwa papo hapo. Tarehe 21 Oktoba, 2021, India ilifikisha dozi bilioni moja.

Bhutan, nchi ndogo ya milimani yenye watu wasiofika 800,000, ilitenda kwa namna yake. Ilipewa na India dozi 150,000 mwezi wa Januari, 2021, nayo haikuanza kuchanja. Ilingoja hadi ipate za kuwatosha watu wazima wote, ikapewa nyingine 400,000 mwezi wa Machi, na wanajimu wakaulizwa siku njema. Tarehe 27 Machi mwanamke aliyezaliwa katika mwaka wa nyani alichanjwa wa kwanza, na aliyemchoma alikuwa mwanamke wa mwaka huo huo. Mtu wa mbali aweza kucheka. Lakini katika majuma mawili hivi zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima walikuwa wamekwisha kuchanjwa, kwa kuwa wafanyakazi wa afya na watu wa kujitolea walikwea hadi kwenye vijiji visivyo na barabara, na watu waliwaamini. Dozi ya pili ilikwama India ilipofunga mlango. Bhutan ikaomba kwingine, ikapata dozi 500,000 za Moderna kutoka Marekani, na mwezi wa Julai ikarudia kazi ile ile kwa muda wa juma moja.

Vietnam ilikuwa imeuzuia ugonjwa vizuri mwaka 2020, kisha mwezi wa Mei, 2021, ukaingia katika viwanda vya mkoa wa Bac Giang wakati chanjo zilikuwa bado chache. Mkoa huo ulikuwa maarufu kwa lichi, tunda ambalo huiva kwa majuma machache tu na huharibika upesi. Viwanda vilifungwa, lakini iliamuliwa kwamba lichi isioze. Madereva walipimwa na kupewa hati za kupita vizuizi. Posta ya nchi ikayauza matunda katika duka lake la mtandaoni na kuyafikisha kwa walaji wa mijini. Mavuno ya mwaka huo yalizidi tani 200,000, nayo yakauzwa.

Katika Ho Chi Minh, mji mkubwa kuliko yote ya Vietnam, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Viwanda vilivyotaka kuendelea vilitakiwa wafanyakazi wafanye kazi, wale na walale humo humo. Mwezi wa Agosti watu walikatazwa hata kutoka kununua chakula, na askari wakawapelekea majumbani. Vizuizi vilipolegezwa tarehe 1 Oktoba, 2021, wenye viwanda walitazamia wafanyakazi wao wafike kazini asubuhi. Badala yake makumi ya maelfu walipanda pikipiki zao wakarudi kwao mashambani. Walikuwa wamemaliza akiba, na wengine walikuwa wamefiwa. Kiwanda chaweza kufunguliwa kwa tangazo, lakini mtu aliyekaa miezi mitatu bila mshahara hurudi kazini kwa hiari yake au asirudi.

Thailand, iliyopokea watalii karibu milioni 40 mwaka 2019, ilijaribu kufungua mahali pamoja tu. Wakazi wa kisiwa cha Phuket walitangulizwa katika chanjo, na kuanzia tarehe 1 Julai, 2021, wageni waliochanjwa waliruhusiwa kukaa kisiwani siku 14 bila kufungiwa hotelini kabla ya kwenda kwingine. Walikuja kwa maelfu, si kwa mamilioni, na hoteli nyingi zilibaki tupu. Lakini serikali ilipata kujua, kwa gharama ndogo, ni nini kingetokea. Novemba ikafungua nchi kwa wageni waliochanjwa wa mataifa zaidi ya 60.

Mfano wa mwisho ni wa Shanghai, nao haukutoka kwa ushirika wowote ulioandikishwa. Mwisho wa Machi, 2022, mji huo wa watu kiasi cha milioni 25 ulianza kufungwa, na sehemu kubwa yake haikufunguliwa mpaka tarehe 1 Juni. Watu wenye fedha na simu za kisasa walijikuta hawana mboga. Magari ya kupeleka vyakula yalikuwa machache, na wauzaji hawakuweza kupeleka kwa mtu mmoja mmoja. Walikubali maagizo makubwa tu, ya jengo zima au mtaa mzima. Basi, katika majengo ambayo jirani hakulijua jina la jirani, alijitokeza mtu mmoja, mara nyingi mwanamke, akaandika nani anataka mayai mangapi na kabichi ngapi, akakusanya fedha, akaagiza, akapokea, akagawa. Wachina walimwita mkuu wa kikundi. Palikuwa na manung'uniko ya bei, na wako walioshukiwa kujipatia faida, kwa sababu hapakuwa na kamati wala mkaguzi wa kuziangalia hesabu zao. Lakini watu walikula.

China iliviacha vizuizi vyake vikubwa kwa ghafla tarehe 7 Desemba, 2022, wakati wazee wengi walikuwa bado hawajapata chanjo za kutosha, na maambukizi yakaenea nchi nzima kwa majuma machache. Mipaka ikafunguliwa tarehe 8 Januari, 2023. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei, 2023, kwamba hali ya dharura imekwisha.

Imekwisha kwa ugonjwa huo. Barabara huweza kufungwa kwa mafuriko, kwa ugonjwa wa mifugo, au kwa daraja moja kuvunjika katika majira ya mavuno. Kwa hiyo kamati za vyama zinaombwa zitazame mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi. Daftari la wanachama liwe na nakala nje ya ofisi, lenye majina ya walio hai na mahali wanapokaa, maana madaftari mengine bado yana majina ya marehemu wa miaka kumi iliyopita. Ijulikane akiba ya chama inaweza kuwalipa wanachama kwa siku ngapi mnunuzi asipofika. Na ikiwa katibu atawekwa karantini siku 14 wakati wa mavuno, iamuliwe tangu sasa ni nani atakuwa na ufunguo wa pili wa ghala, na ni nani atakayeandika stakabadhi. Jibu la kila kamati liandikwe katika kumbukumbu za kikao na kuletwa chama kikuu kabla ya mkutano mkuu wa mwaka.