Argwings-Kodhek: Wakili Aliyesimama na Washtakiwa wa Eastlands
Mazungumzo kwa wakaazi wa Ziwani



Jina la Argwings-Kodhek mnalijua kwa sababu ya barabara ya Hurlingham. Wachache hukumbuka kwamba kabla ya kuwa waziri, mtu huyo alijenga jina lake mahakamani, akiwatetea watu wa mitaa kama huu.

Clement Argwings-Kodhek alizaliwa Gem, Siaya, mwaka wa 1923. Alisoma Yala, akaendelea hadi Makerere, kisha akarudi kufundisha. Ualimu ndio uliokuwa mlango wa kijana Mwafrika aliyesoma, sheria haikuwa. Mwaka wa 1947 alipata ufadhili wa serikali ya kikoloni kwenda Cardiff, Wales, kusomea masomo ya jamii. Huko akageukia sheria, na mwaka wa 1951 akafuzu kuwa wakili. Akawa Mwafrika wa kwanza wa Kenya kufanya kazi hiyo.

Aliporudi, serikali ilimpa kazi kwa theluthi moja tu ya mshahara wa Mzungu mwenye cheo kama chake. Alikataa. Akafungua ofisi yake mwenyewe Nairobi.

Wakati ulikuwa mgumu. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, wanajeshi na polisi walizingira mitaa ya Waafrika ya Eastlands na kupeleka maelfu ya watu kizuizini. Kupatikana na risasi moja kungeweza kumtia mtu kitanzi. Kabla ya hali ya hatari kwisha, zaidi ya watu 1,000 walikuwa wamenyongwa. Kwa mshtakiwa asiye na pesa wala Kiingereza, wakili ndiye aliyesimama kati yake na kamba.

Argwings-Kodhek alizichukua kesi hizo, nyingine bila malipo ya maana. Aliwahoji mashahidi wa serikali na kudai ushahidi utolewe wazi. Wakoloni walimwita wakili wa Mau Mau, wakidhani wanamtukana.

Siasa ikafuata. Mwaka wa 1956 aliongoza chama cha Nairobi District African Congress, kwa kuwa vyama vya Waafrika viliruhusiwa katika wilaya tu. Mwaka wa 1957 alishindwa na Tom Mboya katika kiti cha Nairobi. Mwaka wa 1963 akawa mbunge wa Gem, na alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje alipofariki kwa ajali ya barabarani Januari 1969.

Ndugu wakaazi, alichopigania mahakamani sasa kimeandikwa katika Katiba ya 2010. Kifungu cha 49 kinasema anayekamatwa aelezwe sababu mara moja, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kwanza ya mahakama inayofuata. Kifungu cha 50 kinampa haki ya wakili, kwa gharama ya serikali ikiwa bila hivyo angedhulumiwa vikubwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliwekwa ili asiye na uwezo asaidiwe.

Kijana wa Ziwani akikamatwa usiku, mzazi asikae nyumbani akilia. Aende kituoni, aulize kosa ni lipi na kesi itasomwa lini, na adai wakili. Haki isiyodaiwa hulala kwenye karatasi.