Bweni si Ngome



Tabora, kituo kikuu cha misafara ya kale, inaujua moto. Mwezi Agosti 1871 majeshi ya Mtemi Mirambo yaliteketeza sehemu ya mji huo. Nyumba za tembe za zama hizo zilijengwa kwa kuta nene na milango michache, ili adui asiingie.

Lakini bweni la shule au la chuo si ngome. Wajibu wake wa kwanza ni kumwachia mwanafunzi njia ya kutokea. Mwaka 1994 moto uliwaua wasichana zaidi ya 40 huko Shauritanga, Kilimanjaro. Mwaka 2001, huko Kyanguli, Kenya, walikufa wavulana 67: mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na madirisha yalikuwa na nondo.

Yuko asemaye kwamba kufuli huzuia wizi na utoro. Ni kweli, lakini mtoro hurudishwa, aliyeteketea harudi. Mlinzi na akeshe mlangoni badala ya kufuli. Kila bweni liwe na milango miwili ifungukayo kwa nje. Kila muhula lifanyike zoezi la kutoka gizani hadi uwanjani, na majina yaitwe. Zoezi hilo halingoji bajeti. Lamngoja mkuu wa shule au chuo aamue.